Maradhi Tunayoyaonea Haya: Kibofu Kisichotulia na Kifaa cha Kuvaa Kifundoni

(Mada iliyosomwa katika semina ya vijana na familia kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhan)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, na vijana wenzangu wa kike na wa kiume. Amma ba'ad.

Nilipotakiwa nitoe mada ya afya ya kutuingiza Ramadhan, wengi walidhani nitazungumzia kisukari au presha. Hayo twayasikia kila mwaka, na ni haki yasemwe. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi barazani wala jikoni, na hata mtu na daktari wake huzunguka mbali kabla hajalitaja. Nalo ni mkojo. Naona huko nyuma washaanza kucheka. Chekeni kidogo, kisha tusikilizane, manake vitabu vyetu vya fiqhi vyenyewe hufunguliwa kwa mlango wa tohara. Mtoto wa madrasa hufundishwa istinja kabla hajajua zaka ni nini. Dini haikuona haya kulitaja. Tulioona haya ni sisi.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa vifaa vya matibabu. Si daktari, wala si sheikh. Nitaeleza maradhi haya ni yapi, kisha kifaa kimoja ambacho wenzetu ng'ambo wanakivaa mguuni majumbani mwao, kinafaa kiasi gani na hakifai wapi, na mwisho tutazame swala zetu na swaumu zetu.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Kibofu cha mtu mzima huchukua kiasi cha mililita 400 hadi 500, sawa na vikombe viwili vya chai. Kinapoanza kujaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ubongo hujibu, "Ngoja, bado." Mtu akishafika chooni, ndipo amri hutoka, "Haya, sasa." Huo ndio utaratibu aliouweka Mola.

Sasa kuna watu ambao msuli wa kibofu chao haungoji amri. Hujikaza wenyewe hata kama mkojo ni kidogo tu. Mtu yuko sokoni, yuko ndani ya matatu, au yuko rakaa ya pili, mara haja inamshika ghafla kama mtu aliyeitwa kwa kelele. Akikimbia huenda akawahi, na huenda asiwahi. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fani hii iliyaeleza maradhi haya mwaka 2002: dalili kubwa ni hiyo haja ya ghafla isiyovumilika. Aghalabu huja pamoja na kwenda choo mara nyingi mchana na kuamka usiku. Wengine huvuja, wengine hawavuji. Na sharti lake ni kwamba pasiwe na uambukizo wa njia ya mkojo wala sababu nyingine iliyo dhahiri. Mimi nitayaita maradhi ya kibofu kisichotulia.

Msidhani ni ya vikongwe tu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2006, uliohoji watu zaidi ya 19,000 katika nchi za Kanada, Ujerumani, Italia, Uswidi na Uingereza, ulikuta asilimia 11.8 wana dalili hizi, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo tu. Ni kama mtu mmoja katika kila tisa. Umri ukizidi na dalili huzidi, lakini vijana pia wamo.

Kwa nini tuyaseme kabla ya Ramadhan?

Kwa sababu Ramadhan ndiyo huyafichua. Utamuona mzee aliyekuwa hakosi safu ya kwanza, sasa anaswali Isha nyumbani. Ukimuuliza atakwambia magoti. Utamuona mama anakaa karibu na mlango kila siku, na kila baada ya rakaa nne anatoka, na akirudi kuna mabinti wanatazamana. Yuko mwingine anayetawadha mara tatu kwa swala moja, na watu wa nyumbani wanasema ana wasiwasi wa shetani, kumbe masikini ni mgonjwa.

Na kuna hatari nyingine. Mtu akiona mkojo unamuaibisha, dawa anayojitungia ni kuacha maji. Anafuturu kwa kikombe kimoja cha chai, basi mpaka daku. Mkojo ukiwa mzito huukera ukuta wa kibofu, kwa hivyo haja humzidia badala ya kupungua, na choo kigumu kinachokuja kwa kukosa maji hukibana kibofu vilevile. Kisha kuna usiku. Mzee anayeamka mara nne gizani akikimbilia choo cha uani ni mzee aliye katika hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga.

Kwa hivyo jamaa zangu, ni ibada ya mtu, ni usingizi wake, na ni heshima yake mbele ya wajukuu zake.

Kwanza tupambanue

Si kila mkojo unaosumbua ni kibofu kisichotulia, na hapa ndipo daktari hana badala. Mkojo unaochoma au wenye homa huenda ni uambukizo. Mkojo mwingi sana pamoja na kiu huenda ni kisukari. Mwanamume mtu mzima ambaye mkojo hutoka kwa shida na kwa matone, yafaa atazamwe tezi ya kiume. Damu kwenye mkojo isipuuzwe hata mara moja. Huku kwetu pwani, Kwale, Kilifi na Tana River, kichocho kingalipo, na dalili yake mashuhuri ni hiyo damu. Na dada yetu ambaye tangu uzazi mgumu anavuja mchana na usiku bila kukatika, huyo huenda ana nasuri, yaani tundu baina ya kibofu na uke. Tiba yake mara nyingi ni upasuaji, na hakuna kifaa cha mguuni kitakachoziba tundu. Asikae nalo ndani akidhani ni kadari isiyo na dawa.

Kipimo cha mkojo na cha sukari ni vitu vidogo, na hupatikana hata katika zahanati za kawaida. Anzia hapo.

Kifundo cha mguu kina habari gani na kibofu?

Hapa ndipo nilipovutika mimi mwenyewe. Shika kifundo cha mguu wako kwa upande wa ndani, pale unapohakikisha maji yamefika ukitawadha. Nyuma ya ule mfupa uliochomoza unapita mshipa wa fahamu uitwao tibia. Mshipa huu hupanda mguuni hadi sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Na mishipa inayokiendesha kibofu hutokea sehemu hiyohiyo. Ni kama nyumba mbili zilizoungwa kwenye nguzo moja ya stima. Ukipeleka mapigo madogo ya umeme kifundoni, habari zake hufika pale zinapopita habari za kibofu, nazo husaidia kuzituliza zile amri za pupa.

Umeme wenyewe si wa kuogofya. Ni mdogo, wa betri, na mtu huhisi kama mguu umekufa ganzi kidogo au unatekenywa. Dalili ya kuwa mshipa umepatikana ni kidole gumba cha mguu kujikunja au vidole kutanuka vyenyewe.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Edward McGuire, pamoja na wenzake waliandika kuhusu kuwatibu wagonjwa wa kibofu kwa vibandiko vya umeme mguuni, wakifuata mahali ambapo matabibu wa Kichina huchoma sindano zao tangu zamani. Baadaye Marshall Stoller wa chuo kikuu cha California kule San Francisco akatengeneza njia ya kutumia sindano nyembamba mno juu kidogo ya kifundo. Mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaipa njia hiyo ruhusa. Mgonjwa huketi nusu saa, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12.

Je, yafaa kweli, au ni kujiliwaza? Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 220. Nusu walipewa tiba yenyewe, na nusu tiba ya kuiga, bila ya wao kujua nani kapewa ipi. Waliopewa ya kweli, asilimia 54.5 walisema wamepata nafuu ya wastani au kubwa. Waliopewa ya kuiga, asilimia 20.9. Tuzitazame nambari hizi kwa insafu. Tofauti ipo, na ni kubwa. Lakini pia karibu nusu ya waliotibiwa hawakupata nafuu ya kiasi hicho. Ni tiba yenye manufaa kwa wengi, wala si muujiza.

Kutoka hospitalini hadi nyumbani

Shida ya sindano ni safari. Wiki 12 za kupanda gari kwenda hospitali na kurudi, kwa mtu ambaye balaa lake kubwa ni kukaa ndani ya gari! Ndipo wahandisi wakauliza, kwa nini mgonjwa aende kwenye mashine, mashine isije kwa mgonjwa?

Njia ya kwanza ni ya zamani. Ni kile kimashine kidogo kiitwacho TENS, ambacho mafiziotherapia hukitumia kwa maumivu ya mgongo na magoti. Vibandiko viwili huwekwa kwenye ngozi, kimoja nyuma ya kifundo na kingine juu yake kidogo, bila sindano. Katika tafiti nyingi wametumia mapigo 10 au 20 kwa sekunde, kwa muda wa nusu saa.

Njia ya pili ni vifaa vilivyotengenezwa makusudi kwa kazi hii, vya kuvaliwa mguuni kama soksi au mkanda. Mwaka 2021 FDA iliruhusu kifaa cha ZIDA, na mwaka 2023 ikaruhusu Vivally. Hiki cha pili kina kihisi kinachosoma jinsi misuli ya mguu inavyoitika, kisha chenyewe hurekebisha nguvu ya umeme, na huendeshwa kwa programu ya simu. Mgonjwa huvaa nyumbani, anaketi nusu saa, anavua. Vyote viwili hutolewa kwa cheti cha daktari. Mwaka huohuo wa 2023 iliruhusiwa pia Revi, ambayo kipande chake hupandikizwa chini ya ngozi karibu na kifundo, kisha mgonjwa huvaa mkanda wa kukipa nguvu kutoka nje.

Lakini naomba msikilize na upande wa pili. Uingereza walifanya utafiti katika nyumba za kulelea wazee, wakatazama wazee 406 waliokuwa wakivuja mkojo, wengi wao dhaifu na wenye maradhi ya kusahau. Baadhi walibandikiwa umeme wa kweli kifundoni, baadhi wa kuiga. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha hakuna tofauti. Nayasema haya kwa kuwa mtu akiuza kitu hutaja wale waliopona tu. Kilichomfaa mtu wa miaka 50 mwenye nguvu zake huenda kisimfae bibi wa miaka 85 asiyeweza kuinuka kitandani. Kwa huyo bibi, kumwekea ndoo karibu, kumwashia taa na kumpeleka choo kwa wakati huenda ni tiba bora kuliko mashine yoyote.

Sasa sisi tufanyeje?

Nisingependa mtu atoke hapa akakimbilia simu kuagiza kifaa. Mambo yana mpangilio.

La kwanza, andika. Siku tatu mfululizo, andika umekunywa nini, umekwenda choo saa ngapi, na umevuja mara ngapi. Karatasi hiyo mpelekee daktari, itamwambia mengi kuliko maneno.

La pili, kizoeze kibofu. Haja ikija ghafla, usikimbie. Simama, pumua, kaza misuli ya chini, isubiri ile pupa ishuke, kisha nenda kwa utulivu. Leo ongeza dakika tano baina ya safari mbili, wiki ijayo kumi.

La tatu, ni mazoezi ya misuli ya nyonga, ambayo daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyaandikia mwaka 1948. Ni kukaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, kisha kulegeza. Mara nane, kwa siku mara tatu, kwa miezi mitatu. Hayana gharama, na unaweza kuyafanya ukiwa umeketi ukisubiri adhana ya Magharibi.

La nne, tazama vinywaji. Kahawa, chai ya rangi nzito na soda za kola huchochea kibofu. Kahawa chungu baada ya tarawehe ni tamu, najua, lakini mwenye maradhi haya aipunguze. Maji asiyaache. Ayagawe kidogo kidogo baina ya futari na kulala, asiyamwage tumboni yote kwa pamoja.

La tano, kuna vidonge. Vile vya zamani hukausha mdomo na kufunga choo, na mwenye kufunga anajua mdomo mkavu una uzito gani. Kwa wazee, madaktari huchunga vidonge hivyo visiwaongezee kusahau. Vipo na vya aina nyingine. Hayo ni ya daktari kuamua, na saa za kumeza zinaweza kupangwa usiku.

La sita ndilo umeme wa kifundoni. Muulize daktari, kisha fiziotherapia, akuonyeshe mahali pa kubandika na kiasi cha nguvu kabla hujajifanyia mwenyewe. Na usiguse kabisa bila idhini ya daktari ikiwa una kifaa cha moyo kilichopandikizwa, una mimba, una kifafa, una kidonda au chuma mahali hapo, au miguu yako imekufa ganzi kwa kisukari. Tena jipe muda. Watu hupimwa baada ya wiki 12, si baada ya siku mbili.

Swala na swaumu

Nimeuliza kwa masheikh kabla ya kuja hapa, na haya ndiyo waliyonifahamisha kwa madhehebu ya Imam Shafi.

Mwenye mkojo usiokatika, kiasi kwamba hapati nafasi ya kutawadha na kuswali akiwa tohara ndani ya wakati, huyo ni mwenye udhuru. Hujisafisha, hujifunga kwa kitambaa au pedi, hutawadha baada ya wakati kuingia, na huswali bila kuchelewesha pasi na sababu. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Udhu huo ni wa fardhi moja, pamoja na sunna azitakazo, na tarawehe ni sunna. Ama ambaye mkojo humtoka kwa nyakati tu, na huwa ana nafasi safi ya kutosha, yeye aswali ndani ya nafasi hiyo. Wengi wenye kibofu kisichotulia ni hawa wa pili, kwa hivyo kila mmoja amweleze sheikh hali yake ilivyo hasa.

Hukumu hii asili yake ni mwanamke wenye damu ya istihadha. Fatima bint Abi Hubaysh alimwendea Mtume (S.A.W.) na kumuuliza swali ambalo leo wengi wetu tungelificha, akaelekezwa ajisafishe na aswali. Yeye aliuliza, na umma mzima umepata wepesi kwa ajili ya swali lake.

Kuhusu kifaa chenyewe: umeme juu ya ngozi hautengui udhu, kwani hakuna kilichotoka. Lakini kibandiko huzuia maji, na gundi yake hubaki. Kivue na uoshe vizuri kabla ya kutawadha, usije ukaacha sehemu ya mguu kavu. Na swaumu? Hakuna kinachoingia ndani ya mwili. Baraza la kimataifa la fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997, katika azimio lake namba 93, liliorodhesha mambo ya matibabu yasiyofunguza. Humo mna vibandiko vya dawa vya kwenye ngozi na sindano zisizo za lishe.

Neno kwa vijana

Wenzangu, katika nyumba nyingi mwenye kujua kusoma karatasi za hospitali ni wewe. Mwenye simu ya kutafuta fiziotherapia yuko wapi ni wewe. Usingoje mama akwambie, kwa sababu hatakwambia. Muulize kwa adabu, mkiwa wawili tu, na binti amuulize mamake, kijana amuulize babake. Mwambie ni maradhi kama maradhi mengine, na tiba yake ni nyingi kuliko alivyodhani.

Na kule msikitini, mzee akitaka kuswali pembeni karibu na mlango, mpisheni. Anayetoka katikati ya tarawehe msimfuate kwa macho. Kamati nazo, tafadhali, choo kiwe na taa, kiwe na mahali pa kushikia mkono, na njia yake isiwe na viatu vilivyorundikwa. Huenda hilo likamrudisha mtu safu ya kwanza kabla hata ya mashine kufika.

Haya ni pambo la Muislamu, lakini haya inayomzuia mgonjwa kutafuta dawa imepotea mahali pake. Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wazee wetu, na atufikishe Ramadhan tukiwa na afya na imani. Lililo sawa ni kwa taufiki yake, na lililopungua ni langu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.